Unataka bastola yenye nguvu? Angalia kwanza mikono ya walio nyumbani

Katika maduka mengi ya silaha nchini Marekani, bastola hupangwa chini ya kioo kama saa za mkononi. Mteja anainama, anatazama, anaomba aishike. Wengi wanaoingia kwa mara ya kwanza ni wazazi. Wamehamia mtaa mpya, au wamesikia jirani kavunjiwa mlango, na wanataka kitu cha kulinda familia. Swali lao huwa moja: ipi yenye nguvu kuliko zote?

Muuzaji akiwa mwadilifu, atawauliza swali lingine kabla ya kujibu. Nani mwingine anaishi ndani ya nyumba hiyo?

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Tanzania, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na raia hawezi kumiliki bastola bila leseni. Lakini familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zina ndugu Texas, Arizona, Ohio na kwingineko Marekani. Watoto huenda huko likizo, wengine huhamia moja kwa moja. Anayewapokea ni mjomba au shangazi ambaye huenda miezi sita iliyopita alisimama mbele ya kioo hicho na kuchagua bastola kubwa.

Ukubwa wa bastola una gharama yake, na anayeanza kuilipa ni yule aliyeishika.

Teke linatoka wapi

Aliyewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni anaijua kanuni hii hata kama hakusoma fizikia. Wewe unakwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Ukiwa mnene na mtumbwi mwepesi, unarudi kwa kishindo. Bastola nayo ni hivyo hivyo. Risasi na gesi ya baruti vinatoka mbele kwa kasi, na silaha inasukumwa nyuma kwenye kiganja. Kwa kuwa mtutu uko juu ya mkono, bastola hairudi nyuma tu, bali mdomo wake pia unanyanyuka kuelekea juu, wakati mwingine hadi karibu na uso wa mpigaji.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua ukali wa teke hilo: uzito wa risasi, kasi yake na uzito wa bastola yenyewe. Kichwa cha risasi ya milimita 9, inayotumiwa na polisi wengi Marekani, kina uzito wa gramu 7 hadi 9 hivi. Kile cha .44 Magnum kwa kawaida kina gramu 15 na ushee, na hutoka kwa kasi kubwa zaidi. Ukichukua uzito na kasi kwa pamoja, mkono unapokea msukumo unaozidi mara mbili.

Silaha hizi hazikubuniwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935. Miaka 20 baadaye, 1955, ikaja .44 Magnum ya kampuni za Smith & Wesson na Remington, ikiwalenga hasa wawindaji. Ilibaki kuwa silaha ya watu wachache hadi mwaka 1971, Clint Eastwood alipoishika kwenye filamu ya Dirty Harry, na ghafla kila mtu akaitaka. Kwenye sinema mkono wa Eastwood hautetereki. Mwaka 2003 Smith & Wesson ikaleta kubwa zaidi, Model 500, ambayo risasi yake ina kipenyo cha nusu inchi, yaani karibu milimita 12.7. Yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo mbili kabla hujaijaza.

Uzito huo si kasoro, ndio unaomeza sehemu ya teke. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu anataka nguvu ya .44 Magnum lakini hataki kubeba chuma kizito, hivyo anachagua iliyotengenezwa kwa madini mepesi. Zipo zenye uzito wa chini ya gramu 750, na dukani zinapendeza kuzishika. Lakini risasi ni ile ile na mtumbwi umekuwa mwepesi. Wengi hupiga risasi chache tu, kisha bastola inaingia kwenye droo na haitoki tena. Na bastola iliyosahaulika kwenye droo ndiyo inayotia hofu kuliko zote, kama itakavyoonekana mbele.

Kinachotokea mwilini

Mkono wa mtu mzima mwenye afya unaweza kuzoea teke kali ukifundishwa vizuri. Unaweza pia kuumia. Kifundo cha mkono, dole gumba na kiwiko ndivyo hupokea mshindo, na mtu mwenye baridi yabisi au ganzi ya viganja atausikia zaidi. Kwenye rivolva, ile bastola yenye ngoma inayozunguka, kuna mwanya mdogo kati ya ngoma na mtutu. Gesi ya moto hutokea hapo kwa nguvu. Anayeshika kwa kusogeza dole gumba mbele, kama alivyozoea kwenye bastola ndogo ya magazini, anaweza kujeruhiwa vibaya na silaha kubwa kama Model 500.

Kuna jambo jingine ambalo wakufunzi wa shabaha wanalijua vyema. Teke likiwa kali mno, bastola huyumba mkononi, mpigaji anakaza vidole ili isimponyoke, na bila kukusudia anavuta kifyatulio mara ya pili. Wakati huo mdomo wa silaha umeshainuka. Ndiyo maana mkufunzi makini, akimpa mgeni rivolva kubwa, huweka risasi moja tu.

Hata asipoumia, mwili hujifunza kuogopa. Baada ya mateke machache ubongo huanza kujihami kabla ya mlio. Macho yanafumba, mkono unasukuma chini, risasi inakwenda pembeni. Wakufunzi wana njia rahisi ya kumwonyesha mtu hali hiyo. Wanachanganya risasi halisi na za bandia bila yeye kujua. Ikifika ya bandia, hakuna mlio, lakini bastola inatikisika vilevile, kwa sababu anayeitikisa ni yeye mwenyewe. Mtu wa namna hii akiamka usiku wa manane na hofu, hakuna ajuaye risasi itakwenda wapi.

Na itapita. Nyumba nyingi za Marekani hazijengwi kwa tofali. Kuta za ndani ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa ubao wa jasi, na risasi ya bastola, hata ile ya milimita 9, hupenya kuta kadhaa za aina hiyo. Ile kubwa hupenya ikiwa bado na nguvu nyingi. Upande wa pili wa ukuta huenda kuna kitanda cha mtoto.

Masikio nayo yasisahaulike. Kelele ya ghafla inayofika desibeli 140 inaweza kuharibu usikivu moja kwa moja, na bastola za Magnum huzidi 160. Ndani ya chumba kilichofungwa mlio huo hauna pa kukimbilia. Nywele ndogo za ndani ya sikio zikishakufa haziotí tena. Uwanjani watu huvaa vizibo, na wanaotumia silaha kubwa huvaa vya ndani na vya nje kwa pamoja. Usiku, mwizi akiwa sebuleni, hakuna anayevaa.

Watoto waliopewa silaha mikononi

Mwaka 2008, katika maonyesho ya silaha mjini Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka minane alipewa Micro Uzi ajaribu kulenga shabaha. Ni silaha ndogo, ukubwa wake unakaribia bastola, lakini hutoa risasi mfululizo. Baba yake alikuwa pale pale akimtazama. Teke likainua mdomo wa silaha na kuugeuza kuelekea kichwani kwa mtoto. Alifariki dunia.

Miaka sita baadaye, Agosti 2014, katika uwanja wa shabaha huko Arizona, msichana wa miaka tisa aliyekuwa likizo na familia yake alipewa Uzi. Mkufunzi alisimama kando yake. Silaha ilipowekwa kwenye mfululizo ilimzidi nguvu, ikageuka kushoto, na risasi ikampata mkufunzi. Naye alifariki.

Katika visa vyote viwili watu wazima walikuwepo na mahali palikuwa rasmi. Hakuna aliyekuwa mlevi wala jambazi. Walichokosea ni hesabu ya mikono midogo na silaha ambayo haishikiki. Udogo wa silaha uliwadanganya, kwa sababu kwa macho ya mzazi kitu kidogo kinamfaa mtoto, ilhali kwa silaha wepesi ndio unaoongeza teke.

"Mtoto hawezi kuifyatua ile"

Wazazi wengi wenye bastola kubwa hujifariji kwa maneno hayo. Ni nzito, ina teke, mtoto hataiweza. Kweli hataweza kuidhibiti. Lakini teke huja baada ya risasi kutoka. Kinachohitajika kabla ya hapo ni kidole tu.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya nguvu za vidole vya watoto. Walipotumia vidole viwili vya shahada, mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka mitatu hadi minne aliweza kuvuta kwa nguvu ya pauni 10, yaani kilo nne na nusu hivi. Kwa wenye miaka mitano hadi sita walikuwa asilimia 70, na kwa wa miaka saba hadi minane asilimia 90. Nguvu hiyo inatosha kufyatua bastola nyingi zinazouzwa. Rivolva ambayo nyundo yake imeshavutwa nyuma huhitaji kidogo zaidi ya kilo moja tu. Na mtoto mdogo huigeuza silaha imtazame ili atumie dole gumba, jambo linalomaanisha mdomo wa bastola unaelekea kifuani kwake.

Je, kumkanya hakusaidii? Jibu linapatikana katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001. Wavulana 64 wenye umri wa miaka 8 hadi 12 waliachwa chumbani, wawili wawili au watatu watatu, kwa dakika 15. Kwenye droo kulikuwa na bastola za maji, na droo moja ilikuwa na bastola halisi iliyoharibiwa isiweze kufyatua, ikiwa na kifaa cha kunasa kila mara kifyatulio kilipovutwa. Watafiti waliwatazama kupitia kioo cha upande mmoja. Wavulana 48 waliikuta bastola. Waliishika 30. Waliovuta kifyatulio walikuwa 16. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wameshapata mafunzo fulani kuhusu usalama wa silaha.

Wazazi wa watoto hao si wazembe. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa "usiguse" huitikia kwa moyo wote, na saa moja baadaye udadisi unamshinda. Kila mzazi aliyewahi kuficha sukari anajua.

Tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa mwaka mmoja hadi 19 nchini Marekani, zikizipita ajali za magari.

Kama ni lazima kununua

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema wazi kwamba nyumba salama kuliko zote kwa mtoto ni isiyo na bunduki. Lakini wapo watu ambao kazi au makazi yao yanawalazimu. Huko Alaska, kwa mfano, watu hubeba .44 Magnum kwa sababu ya dubu. Hata hapo kuna jambo la kushangaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu matukio ya Alaska ulionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupulizia ilimzuia dubu wa kahawia katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio ambayo ilitumika. Mkebe wa dawa hauna teke, wala hauhitaji shabaha ya Eastwood.

Kwa anayenunua, cha kwanza ni kujaribu kabla ya kulipa. Viwanja vingi vya shabaha Marekani hukodisha silaha, na nusu saa hapo inafundisha kuliko wiki ya kusoma sifa kwenye karatasi. Aanze na ndogo. Kama wenza wote wawili wataitumia, wajaribu wote, na anayeamua ni yule mwenye mkono mdogo. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kupindisha kiganja, na baada ya risasi ya tano mikono isiwe inatetemeka. Bastola ambayo mama hawezi kuipiga mara tano bila kufumba macho haimfai, hata kama baba inampendeza.

Anayeng'ang'ania rivolva yenye nguvu ana njia ya kati. Rivolva ya .357 Magnum hupokea pia risasi ya .38 Special, na ya .44 Magnum hupokea .44 Special. Risasi hizo ni pole zaidi, na chuma kizito kinakuwa msaada badala ya mzigo. Baada ya kuzifanyia mazoezi kwa muda, wengi hukuta hawaoni tena haja ya ile kali.

Wajawazito wakae mbali na uwanja wa shabaha. Mlio ni mkubwa mno, na kuna vumbi. Lugha yetu imeyapa madini na kitu kinachotoka kwenye mtutu jina moja, risasi, na kwa hili imelenga. Kila mlio hutoa vumbi la madini hayo, hasa kwenye viwanja vya ndani, na vumbi hilo hurudi nyumbani kwenye viatu, nywele na nguo. Kwa mtoto hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na huathiri ukuaji wa ubongo. Anayetoka mazoezini anawe mikono kwa sabuni, abadili nguo na kuacha viatu nje kabla ya kumbeba mtoto.

Kufuli lililobaki kwenye boksi

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni kumpa mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifunga au kuihifadhi salama. Mara nyingi ni kufuli yenye waya unaopita ndani ya silaha. Kufuli nyingi hubaki kwenye boksi. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa watoto milioni 4.6 wanaishi katika nyumba zenye angalau bunduki moja iliyojazwa na haijafungwa.

Ushauri wa madaktari ni kuitoa risasi, kuifungia silaha, na kuzifungia risasi mahali pengine. Juu ya kabati si mahali pa kufungia. Utafiti uliofanyika Alabama vijijini na kuchapishwa mwaka 2006 uliwahoji wazazi na watoto wao kila mmoja peke yake. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui silaha inakokaa, asilimia 39 walikanushwa na watoto wenyewe. Na kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa vilevile.

Kufuli ni kwa ajili ya mtoto mdogo na pia kwa kijana wa miaka 16 aliyefeli mtihani, aliyeachwa, au anayebeba huzuni ambayo hajamwambia mtu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Anayejaribu kwa bunduki hufariki karibu mara tisa kati ya kumi, na fikra ya aina hiyo mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Familia ikiona kijana amejitenga, hali au halali vizuri, silaha itoke nyumbani kabisa kwa kipindi hicho, ipelekwe kwa mtu au mahali ambapo sheria ya jimbo inaruhusu, na kijana apelekwe kwa daktari.

Kwa aliye mbali, kazi inabaki kwenye simu. Tangu mwaka 2000 wazazi wa Marekani wamekuwa wakihimizwa kuuliza kuhusu bunduki kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani. Kwetu swali hilo ni gumu zaidi, kwani anayeulizwa ni ndugu, tena anayetusaidia, na hakuna anayetaka kuonekana anamfundisha mwenyeji namna ya kuishi nyumbani kwake. Kuna wanaoliingiza katikati ya mengine: mtoto ana pumu, karanga zinamdhuru, anaogopa mbwa, na je, shemeji, samahani, hapo nyumbani kuna silaha? Likipita pamoja na karanga halimkwazi mtu.

Shemeji akijibu kwamba ipo, ila imefungiwa, basi limebaki moja tu la kumuuliza. Ufunguo unakaa wapi?